Vichocheo vya mimea na ubora wa lishe wa pilipili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Dar es Salaam

Majibu haya yanamlenga anayelima hoho au pilipili kali Dar es Salaam na viunga vyake, awe na robo eka Kigamboni, matuta machache Bunju au ndoo za uani Kinyerezi, na anataka tunda lenye lishe kubwa, si tunda kubwa tu.

Vichocheo vya mimea ni nini, na vinatofautianaje na mbolea?

Ni vitu au vijidudu ambavyo ukiviweka kwenye mizizi, mbegu au majani huufanya mmea utumie vizuri zaidi chakula ulichonacho, uvumilie jua kali, ukame au chumvi, na utoe mazao yenye ubora zaidi. Kazi hiyo haitokani na kiasi cha virutubisho kilichomo kwenye chupa. Mbolea ni chakula, kichocheo si chakula. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inayosimamia bidhaa za mbolea imevitambua vichocheo kwa misingi hiyo hiyo: matumizi bora ya virutubisho, uvumilivu wa mazingira magumu, ubora wa zao, na kufungua virutubisho vilivyofungwa kwenye udongo.

Shida ya hapa kwetu ni kwamba dukani kila kitu cha chupa huitwa busta. Rafu moja ina mbolea za majani, homoni za ukuaji na vichocheo halisi, vyote kwa jina hilo moja. Soma kibandiko. Ukiona namba kubwa za NPK kama 20-20-20, hiyo ni mbolea ya majani. Ukiona jiberelini au GA3, hiyo ni homoni, na matumizi yake ni mengine kabisa. Ukiona dondoo ya mwani, asidi za humiki au fulviki (zitokanazo na mabaki ya mimea yaliyooza), asidi amino, kaitosani (itokanayo na magamba ya kamba na kaa), au majina ya vijidudu kama Trichoderma na Bacillus, hapo umefika.

Je, ni kweli vinaongeza vitamini kwenye pilipili?

Vinaweza kuongeza, ila si kila mara na si kwa kiwango kile kile. Njia zake ziko tatu.

Ya kwanza ni mizizi. Humiki na vijidudu huongeza matawi na vinyweleo vya mizizi, mmea ukavuta zaidi potasiamu, magnesiamu, zinki na chuma. Baadhi ya madini hayo hufika kwenye tunda.

Ya pili ni sukari. Mmea hutengeneza vitamini C kutokana na sukari, kwa hiyo jani linalobaki kijani na kufanya kazi muda mrefu humpa tunda malighafi nyingi zaidi. Dondoo za mwani husifika kwa kuchelewesha jani kuzeeka.

Ya tatu ni kinga. Vitu kama kaitosani huupa mmea ishara kama vile ameingia adui, nao hujibu kwa kutengeneza fenoli na viambata vingine vya kinga, ambavyo pia vina faida kwa mlaji.

Matokeo huonekana wazi zaidi pale mmea ulipo kwenye taabu ya wastani: joto, maji yenye chumvi kidogo, udongo wa kichanga. Mmea ulioshiba na kupata maji ya kutosha hauna nafasi kubwa ya kupanda zaidi. Mmea wenye njaa kabisa nao hauna cha kuamshwa. Kichocheo kwenye hoho zisizopewa samadi wala mbolea ni fedha iliyomwagwa chini.

Na kuna jambo linalozidi vichocheo vyote kwa nguvu: umri wa tunda siku unapolichuma.

Kwa hiyo nichume lini?

Likiwa limeiva rangi, kama soko lako linalipokea. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80 za vitamini C. Nyekundu ina karibu 128. Kwa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, pengo ni kubwa zaidi: kijani ina karibu mikrogramu 200, nyekundu inapita 1,600. Hakuna chupa ya dukani inayoweza kukupa ongezeko la namna hiyo. Si bure kwamba Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alitumia pilipili za Szeged, Hungaria, kupata vitamini C kwa wingi wa kutosha kuichunguza.

Gharama yake ni muda. Kutoka kijani kilichokomaa hadi nyekundu kamili ni wiki mbili hadi nne zaidi shambani, na siku zote hizo kuna nzi wa matunda, jua la kuunguza ngozi, na mmea unaopunguza kutoa maua kwa sababu unalea matunda ya zamani. Katika kipindi hicho ndipo kichocheo kinapojilipa: unadumisha majani na mizizi ili mmea uivishe bila kuchoka. Mpango wa kupulizia unaokoma tunda likiwa kijani umeacha nusu ya faida njiani.

Usipoweza kusubiri nyekundu kamili, chuma tunda likishageuka rangi angalau nusu. Litaendelea kujaza rangi likiwa limehifadhiwa.

Aina ipi inafaa kwa kazi ipi?

*Dondoo ya mwani.* Nyingi za viwandani zinatokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, hasa Ascophyllum nodosum, na Ecklonia maxima wa Afrika Kusini. Hufaa kwa joto, kwa maua, na kwa kudumisha majani. Ukitaka kuanza na kimoja tu kwa pilipili za Dar, anza na hiki.

*Humiki na fulviki.* Humiki ni ya udongoni, fulviki inaweza kwenda udongoni na kwenye majani. Udongo wetu wa pwani ni kichanga usioshika virutubisho, ndiyo maana wakulima wengi huona mabadiliko. Lakini lita chache za humiki kwa eka haziwezi kuongeza mboji ya udongo kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kuchochea mizizi. Mboji inaletwa na samadi iliyooza na matandazo.

*Asidi amino.* Zinatokana na kuvunjwavunjwa kwa protini za mimea au wanyama. Hufaa mmea unapotoka kwenye mshtuko: baada ya kupandikiza, baada ya kunyauka, baada ya kuungua na dawa. Nyingi zina nitrojeni ndani yake, kwa hiyo usizidishe wakati wa kuivisha.

*Vijidudu.* Trichoderma, Bacillus, Azospirillum, na kuvu wa mikoriza wanaoishi na mizizi na kuvuta fosforasi kutoka mbali. Hawa huwekwa mapema, kitaluni au siku ya kupandikiza. Mikoriza iliyonyunyiziwa juu ya majani haifanyi chochote, lazima iguse mzizi. Ukiweka fosforasi nyingi, mmea huwakataa, maana hauwahitaji.

*Kaitosani na silika.* Kaitosani kwa kinga na fenoli, silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) kwa kuimarisha kuta za seli. Pilipili haijazi silika nyingi kama mpunga, hivyo usitegemee makubwa kutoka kwake.

Nipe ratiba na vipimo.

Kibandiko cha bidhaa yako ndicho cha kwanza, maana nguvu ya chupa moja si sawa na nyingine. Hivi vifuatavyo ni viwango vya kawaida kwa bidhaa za kimiminika, kwa bomba la mgongoni la lita 16.

Kitaluni, miche ikiwa na majani manne halisi: mwani ml 15 kwa bomba, yaani nusu ya kipimo cha shambani. Mara moja inatosha.

Siku ya kupandikiza, miche ikiwa na wiki nne hadi sita: loweka mizizi dakika 10 hadi 15 kwenye maji yenye Trichoderma, gramu 5 hadi 10 kwa lita, au weka chembechembe za mikoriza ndani ya shimo pale mzizi utakapokaa. Nafasi ya sentimita 60 kwa 45 inatosha kwa hoho za aina ya California Wonder na Yolo Wonder.

Siku 7 baadaye: humiki ml 3 hadi 5 kwa lita moja ya maji, kila mche ml 150 kwenye shina. Rudia baada ya wiki tatu.

Siku 14 baada ya kupandikiza: asidi amino ml 25 hadi 30 kwa bomba, kwenye majani.

Maua ya kwanza yanapojitokeza: mwani ml 30 hadi 45 kwa bomba. Rudia matunda yakiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kisha kila siku 14 hadi matunda ya mchumo wa kwanza yaanze kugeuka rangi.

Usiongeze dozi kwa kudhani utapata zaidi. Vitu hivi vina kilele: ukipita hapo mmea unarudi nyuma. Dalili za kuzidisha mwani au asidi amino ni ncha za majani kuungua, majani machanga kujikunja, na mmea kurefuka majani huku maua yakiwa machache.

Nichanganyeje kwenye bomba, na nipulizie saa ngapi?

Jaza maji nusu bomba, weka kichocheo kilichopimwa kwa sirinji au kikombe chenye alama (kizibo cha chupa si kipimo), koroga, kisha jaza maji mpaka juu. Pulizia ndani ya saa nne. Tumia nozo ya ukungu mwembamba na uelekeze chini ya majani pia, ambako vitundu vya kupumulia ni vingi zaidi.

Muda mzuri ni saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Jua la saa 5 la Dar hukausha tone kabla jani halijanywa, chumvi iliyobaki ikaunguza. Wakati wa masika angalia mawingu: unahitaji angalau saa nne bila mvua.

Maji yenyewe ni nusu ya kazi. Ya bomba la DAWASA yana klorini. Kwa mwani au asidi amino si tatizo, kwa vijidudu ni tatizo. Yaache kwenye pipa lililo wazi usiku mzima kabla ya kuweka Trichoderma au Bacillus. Maji ya visima vya karibu na bahari, kama sehemu za Kigamboni na Mbezi Beach, mara nyingi yana chumvi. Pilipili huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.5 kwa mita (kizio cha kupimia chumvi), na kila desisimensi moja juu ya hapo huondoa takriban asilimia 14. Kisima kikisoma zaidi ya 1, changanya na maji ya mvua au ya bomba. Kwa chumvi ya wastani kichocheo kitasaidia. Kwa kisima kinachosoma 4, badili zao.

Vitu gani nisichanganye?

Shaba na asidi amino. Asidi amino huibeba shaba na kuiingiza ndani ya jani kwa wingi kuliko inavyotakiwa, majani yanaungua. Acha siku saba kati yao. Salfa na mafuta ya madini navyo usivichanganye na asidi amino.

Vijidudu na viuakuvu. Trichoderma ni kuvu, na dawa nyingi za kuua kuvu hazichagui.

Humiki na asidi. Maji yakiwa na tindikali nyingi, humiki huganda na kuwa vipande vyeusi vinavyoziba nozo na matundu ya mipira ya matone. Fulviki haigandi.

Humiki na kalsiamu naitreti. Kalsiamu hugandisha humiki, unapoteza vyote viwili.

Kwa mchanganyiko wowote mpya fanya jaribio la chupa: mimina vipimo vile vile kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tikisa, subiri nusu saa. Ukiona mabonge, tope chini au povu lisiloshuka, usiuweke kwenye bomba.

Naweza kutengeneza kichocheo nyumbani?

Ndiyo, na cha mlonge ndicho rahisi. Majani machanga ya mlonge yana zeatini, homoni ya asili inayochochea seli kugawanyika na kuchelewesha jani kuzeeka, pamoja na madini na vitamini.

Chuma majani machanga alfajiri. Kilo moja ya majani, maji ml 100 tu. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda mpaka yawe uji, kisha kamua kwa kitambaa cha pamba. Chuja mara mbili. Mara ya pili tumia kitambaa kizito, maana nyuzi ndogo za mlonge huziba nozo kuliko kitu kingine. Juisi utakayopata ipime, uizidishie maji mara 30: nusu lita ya juisi kwa lita 15 za maji. Tone chache za sabuni ya maji hulisaidia tone kushika kwenye jani la hoho, ambalo lina nta. Kila mche unahitaji kama ml 25.

Pulizia siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Juisi ya mlonge iliyolala huchacha, na ile harufu ndiyo dalili kwamba kazi imekwisha. Usipoweza kuitumia yote, gandisha kwenye jokofu ikiwa bado haijachanganywa na maji. Ukiweka mara 10 badala ya 30 kwa kudhani itakuwa kali zaidi, miche michanga hudumaa.

Mwani ni habari nyingine. Unaolimwa Zanzibar na Bagamoyo ni mwani mwekundu, spinosum na cottonii, si ule wa kahawia uliomo kwenye chupa za dukani, kwa hiyo usichukue vipimo vya kibandiko ukavitumia kwake. Unafanya kazi, lakini adui ni chumvi. Osha mwani mkavu kwa maji baridi mara tatu, loweka kilo moja kwa lita 10 kwenye ndoo yenye kifuniko kisichobana, koroga kila siku mbili kwa wiki mbili hadi tatu, chuja, kisha changanya lita moja kwa lita 10 na umwagie kwenye udongo, si kwenye majani. Jaribu kwenye miche mitano kwanza, usubiri wiki.

Natumia samadi ya kuku nyingi. Je, nahitaji kichocheo?

Unahitaji kwanza kupunguza samadi. Hapa ndipo wakulima wengi wa mjini wanapopoteza lishe bila kujua. Samadi ya kuku ina nitrojeni nyingi inayotoka haraka, na nitrojeni nyingi kupita kiasi hushusha vitamini C kwenye matunda na mboga. Mmea hutumia sukari yake kujenga majani badala ya kuihifadhi kwenye tunda, na kivuli cha majani hayo hulizuia tunda lisipate mwanga. Matokeo ni hoho kubwa, yenye maji, inayopendeza machoni.

Iozeshe angalau wiki sita hadi nane, weka viganja viwili kwa shimo, changanya na udongo. Matunda yakishaanza kushika, hamia kwenye potasiamu. Potasiamu salfeti ni bora kuliko kloridi pale ambapo maji yana chumvi, maana kloridi inaongeza tatizo. Majivu ya kuni yana potasiamu pia, ila hupandisha pH ya udongo, kwa hiyo yawe kiganja kimoja kwa mche kwa msimu mzima.

Maua yanapukutika kuanzia Desemba hadi Machi. Mwani utazuia?

Kwa sehemu ndogo. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku likabaki juu ya 24, chavua ya hoho hufa na ua huanguka. Januari na Februari za Dar ziko hapo hapo. Mwani uliopuliziwa siku chache kabla ya joto kali hupunguza mshtuko, lakini haushushi joto.

Kinachosaidia zaidi ni neti ya kivuli ya asilimia 30, matandazo ya nyasi ya unene wa sentimita 5 na kumwagilia alfajiri. Usivuke asilimia 35 ya kivuli, maana mwanga ndio unaojaza vitamini C na rangi, na neti nzito hukupa tunda zuri lisilo na kitu ndani. Njia bora ni kalenda: sia mbegu mwishoni mwa Machi chini ya paa la nailoni, pandikiza Mei, maua yaangukie Juni hadi Septemba, wakati usiku umepoa. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huvumilia joto kuliko hoho, zinafaa kwa miezi ile migumu.

Hoho zinaoza kitako. Kichocheo kipi kinatibu?

Hakuna. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda, na tunda huvuta maji kidogo kuliko jani. Ukimwagilia leo na kuruka siku tatu, tunda ndilo linalokosa kwanza. Chumvi na samadi mbichi huongeza tatizo.

Mwagilia kidogo kila siku, weka matandazo, na upulizie kalsiamu naitreti gramu 5 kwa lita kila wiki matunda yakiwa madogo. Tunda lililokwisha kuoza ling'oe.

Kwa pilipili kali, ukali utaongezeka?

Ukali ni kapsaisini, inayotengenezwa kwenye nyama nyeupe iliyoshika mbegu, na kiasi chake huamuliwa kwanza na mbegu yenyewe. Hoho tamu hazina kapsaisini kabisa, na hakuna kichocheo kitakachozitia ukali. Kwa pilipili mbuzi, kupunguza maji kidogo wakati wa kukomaa hupandisha ukali. Kichocheo kinachouondolea mmea taabu kinaweza hata kuupoza kidogo. Amua soko lako linataka nini.

Namwagilia maji ya Mto Msimbazi. Vichocheo vitasafisha?

La. Mto huo unapokea maji taka ya viwanda na makazi, na hakuna kichocheo kinachoondoa metali nzito wala vimelea. Fulviki inaweza hata kufanya baya zaidi, maana kazi yake ni kushika madini na kuyarahisishia kuingia kwenye mzizi, nayo haitenganishi zinki na risasi. Badili maji kabla ya kufikiria lishe.

Nitajuaje kama imefanya kazi?

Acha mistari bila kupulizia. Mstari mmoja wenye kichocheo, mmoja wenye maji matupu, rudia mara nne, ukiacha mstari wa pembeni nje ya hesabu maana hupata jua na upepo tofauti. Usipofanya hivi, mvua nzuri itasifiwa kwa kazi isiyo yake.

Uzito na idadi utahesabu mwenyewe. Kifaa cha kupima utamu kinaonyesha sukari, si vitamini. Kwa vitamini C kuna jaribio linalowezekana jikoni, kwa ayodini ya duka la dawa (povidoni ya asilimia 10) na wanga.

Chemsha kijiko cha chai cha unga wa mahindi laini au wa muhogo kwenye kikombe cha maji, uache upoe. Hiyo ndiyo rangi yako ya kuonyesha. Yeyusha kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 kwenye maji ml 100. Chukua ml 10 za maji hayo, ambazo zina miligramu 10, weka matone machache ya wanga, kisha dondosha ayodini tone moja moja ukikoroga. Rangi ya bluu nyeusi itatokea na kupotea. Ikibaki bila kupotea, simama na uandike idadi. Mara nyingi ni karibu matone 30.

Sasa saga gramu 50 za hoho na maji ml 100, chuja, pima maji yote uliyopata, chukua ml 20 na ufanye vile vile. Tuseme ni matone 24. Ikiwa matone 30 ni miligramu 10, basi 24 ni miligramu 8. Kama maji yote yalikuwa ml 145, ndani yake kuna 8 × 145 ÷ 20, yaani miligramu 58 kwa gramu 50, au 116 kwa gramu 100.

Juisi ya hoho nyekundu huficha rangi ya mwisho. Iongezee maji mara mbili na uweke karatasi nyeupe chini ya gilasi. Fanya haraka, kwani vitamini C huanza kupotea mara tu tunda linaposagwa. Ayodini hushikana na vitu vingine pia, kwa hiyo tumia jaribio hili kulinganisha mistari yako, si kuandika namba kwenye kifungashio. Chukua matunda kumi ya rangi ile ile kutoka kila upande: ukilinganisha nyekundu ya mstari mmoja na ya kijani ya mwingine, umepima kuiva tu. Kwa namba za kuuzia unahitaji maabara ya chakula, na sampuli ifike siku hiyo hiyo ikiwa kwenye baridi na giza.

Nitatambuaje bidhaa halali?

Mbolea na visaidizi vyake husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Vijidudu vinavyouzwa kama dawa ya kuua wadudu au magonjwa viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Tafuta namba ya usajili, viambato kwa asilimia, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na udai risiti. Chupa isiyotaja viambato, ikaandika tu "huongeza mavuno maradufu", iache. Na mche ukirefuka ghafla kwa siku nne au tano, ukawa mwembamba wenye majani ya rangi iliyopauka, kuna uwezekano mkubwa umepewa homoni ndani ya chupa ya mwani.

Lishe hiyo itafika mezani?

Hupotea njiani kuliko wengi wanavyofikiri. Chuma asubuhi, weka kivulini, tumia kreti zenye matundu badala ya viroba, na usiache mzigo juani ukisubiri guta la kwenda Ilala au Kariakoo. Nyuzi 7 hadi 10 ndizo nzuri kwa kuhifadhi; chini ya 7 hoho hupata vidonda vya baridi.

Jikoni, mbichi kwenye kachumbari ndiyo inayobaki na vitamini C nyingi, na ikiliwa na maharage au mchicha huusaidia mwili kunyonya chuma. Kwa karotini, mafuta kidogo yanahitajika. Kwenye mchuzi, itie hoho dakika tatu za mwisho. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa viwango vya FAO na WHO, na nusu ya hoho nyekundu kubwa inazifikia.

Chupa iliyofunguliwa inakaa muda gani?

Humiki na mwani, miezi kadhaa ikiwa imefungwa vizuri na iko kivulini. Tikisa kabla ya kutumia. Asidi amino huchacha mapema, na chupa ikivimba usiitumie. Vijidudu ndivyo dhaifu zaidi: bati la duka la Dar mchana hupasha rafu kiasi cha kuwaua kabla hujanunua, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeviweka mahali pa baridi, chukua kifurushi cha msimu mmoja tu, na usikiache kwenye buti la gari.